Aliyekoroma Saa Nane Mchana

Shemeji yangu Zorobabel Maliro hakoromi. Nimelala nyumba moja naye katika misiba na harusi nyingi za ukoo, na naweza kumshuhudia. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka 2001 nusu ya mtaa wetu wa Butembo iliamini kwamba mimi, mjane wa mkuu wa shule, nilikuwa nimeficha mwanaume mwenye kukoroma. Mwanaume huyo, tukisema kweli, Zorobabel ndiye aliyemtengeneza, kwa bisibisi na msumeno.

Zorobabel alizaliwa Kipese, kwenye mashamba ya viazi na ngano. Ni mdogo wa marehemu mume wangu Apollinaire, mtoto wa mwisho, na wazazi wao walipomchoka walimtuma kwetu mjini akiwa na begi la nguo na redio ya baba yake aliyoifungua akashindwa kuifunga. Apollinaire alimwingiza shuleni kwake. Kijana akasoma hadi mwaka wa nne wa sekondari, kisha akaacha, akisema kwamba kila kilichokuwa kimeharibika pale shuleni amekwisha kukitengeneza, na sasa haoni cha kumweka. Mume wangu hakucheka. Mimi nilikwenda kucheka jikoni.

Apollinaire alifariki mwaka 1997, kwa ugonjwa, kitandani mwake, jambo ambalo miaka ile lilikuwa heshima. Nikabaki na watoto wanne na nyumba. Nyumba yenyewe ilisimama juu ya kiwanja cha ukoo wa Maliro, na masharti ya ukoo yalikuwa wazi. Mjane anayekaa kwa heshima hakai kwa hisani ya mtu, anakaa kwake. Mjane anayeingiza mwanaume humfuata mwanaume huyo anakotoka, na watoto na nyumba hubaki. Sikuwahi kuyalalamikia masharti hayo, maana sikuwa na mpango wa kumwingiza mtu.

Nilichoingiza ni kompyuta.

Lilikuwa wazo la Zorobabel. Wanafunzi wa vyuo walihitaji kupigiwa chapa kazi zao za mwisho wa masomo, na riboni za mashine za taipu zilikuwa zimeadimika tangu vita vifunge barabara. Nilimpa chumba cha mbele, nikijua kwamba katika mji wetu nyumba inayofanya kazi haisengenywi. Ndivyo nilivyodhani.

Vipande vya kompyuta aliviagiza kwa Jumaine, mfanyabiashara wa Beni, Mwislamu mwenye neno lake, ambaye lori lake lilipita Kampala na Kasindi kuleta mali ya Dubai. Njiani askari wa kizuizi kimoja walilipenda sanduku la bati la kompyuta, lililokuwa na kioo kidogo cha kijani mbele, wakalichukua kwa shangwe. Lilikuwa tupu. Prosesa, diski na ile kadi kubwa inayobeba vingine vyote vilikuwa kwenye katoni ya sabuni, chini ya sabuni. Jumaine alitukabidhi katoni akisema kwamba jeshi sasa lina kompyuta isiyo na tumbo, na sisi tuna tumbo lisilo na kompyuta, kila mtu ahangaike na lake.

Zorobabel alizunguka nyumba yangu akipima samani kwa macho. Akasimama mbele ya kabati la redio na gramafoni la Apollinaire, la mbao ya libuyu, ambalo matumbo yake yalikuwa yamekufa zamani. Akaniomba kwa adabu kubwa. Nikampa, kwa sharti kwamba lisitoke nyumbani na lisipigwe rangi.

Hapo ndipo nilipomjua shemeji yangu. Hakutaka tu mashine ifanye kazi, alitaka inyamaze. Vita vilimfundisha hivyo. Alisema kitu kinacholia hutafuta mwenyewe, na siku hizo mwenyewe alikuwa yeyote mwenye bunduki. Jenereta hakuitaka kabisa. Alitumia betri mbili za lori na kibadilishaji cha umeme, betri moja ikifanya kazi huku nyingine ikichajiwa kwenye kinu cha unga. Diski aliining'iniza ndani ya kabati kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ili mtetemo wake usigonge mbao. Kwenye feni alifunga kidude kinachosikia joto: prosesa ikiwa baridi feni inapepea kwa uvivu, ikipata joto inakimbia. Mwisho akatoboa matundu juu ya kabati, kwa mistari iliyonyooka, kwa sababu hewa ya moto hupanda, na hilo Apollinaire mwenyewe alikuwa amemfundisha darasani.

Alipoiwasha, niliinama nikaweka sikio juu ya mbao. Nilisikia jogoo wa jirani.

Sasa lazima nieleze kitambaa. Juu ya kabati lile, tangu wiki ya ndoa yangu, kulikuwa na kitambaa nilichokifuma mwenyewe, chenye herufi A.M. kwa uzi wa bluu. Siku ya kutoboa, Zorobabel alikikunja akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikakipokea. Lakini samani nzuri kukaa uchi katika chumba cha mbele, ambako wanafunzi na mapadri wanapita, ni jambo ambalo mama yangu hakunilea nalo. Nikapata njia ya katikati. Kila siku saa saba Zorobabel alikwenda kinuni kupeleka betri moja, halafu kwake kula, na hakurudi kabla ya saa tisa. Mashine aliiacha inawaka, maana kuiamsha, alisema, kunakula betri kuliko kuiacha. Yeye akitoka, nilipangusa vumbi, nikatandaza kitambaa, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda parokiani kufundisha wanawake kusoma. Nikirudi saa tisa kasoro nilikiondoa, ili mikono yenye mafuta isikichafue. Nilikuta mashine imezimika, kimya. Zorobabel alikuta hivyohivyo, akailaumu betri.

Wifi yangu Kavuo, dada mkubwa wa Apollinaire, aliuza unga wa muhogo kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa mbao wa chumba kile. Ni mwanamke mwenye mizani sahihi na ulimi mrefu. Jumatatu moja alinisimamisha mbele ya wateja wake, akiniita semeki, yaani wifi.

"Semeki, ule mugeni wako wa muchana analalaka sana. Haiko mugonjwa?"

Nikamuuliza mgeni gani.

"Ule anakoromaka saa nane. Mutu muzima, ku Butembo, saa nane ya muchana."

Msomaji asiye wa kwetu hatalipima tusi hilo. Kuambiwa una mwanaume ni jambo moja. Kuambiwa una mwanaume anayelala saa nane mchana, katika mji ambao hata walemavu wana duka, ni jambo jingine. Niliingia ndani nikamenya viazi vya siku mbili.

Zorobabel alicheka, akasema bila shaka ni mashine. Akamwita Kavuo, akamketisha mbele ya kabati saa tatu asubuhi, wakasikiliza pamoja. Kimya. Kavuo akasema paka wake ana kelele zaidi. Kwa hiyo haikuwa mashine, na kwa kuwa haikuwa mashine, ilibaki kuwa mtu. Shemeji yangu alikuwa ameijenga vizuri mno kwa faida yangu.

Aliumia kuliko mimi, kama fundi. Akamwandikia Jumaine, na baada ya wiki mbili likaja kutoka Kampala pande la aluminiamu lenye mapezi, zito kama pasi ya mkaa, la kukaa juu ya prosesa na kuinyonya joto. Feni ndogo akaitupa, akafunga feni pana iliyotoka katika gari lililokufa, kwa sababu, alinifundisha, feni kubwa inayozunguka polepole inasukuma hewa ileile bila kupiga kelele. Na memori akaongeza, maadamu amekwisha kufungua. Ilikuwa kazi safi. Mbele yake mashine ilinyamaza hata akawa anagusa kabati kuona kama ipo.

Siku ya tatu Kavuo alinikuta kisimani, akashusha ndoo yake taratibu.

"Ule wa kwanza alienda? Huyu wa sasa ni muzee. Na ni munene."

Wanawake waliokuwa na ndoo waliangalia maji.

Basi habari ilipanda mlima hadi Kipese, na Ijumaa akashuka baba mkubwa Lusenge, kaka wa baba mkwe wangu, mwenye neno la mwisho katika ukoo. Alikuwa na fimbo, kofia ya kijivu na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, ambalo hakutaka kueleza kama ni la msiba au la furaha. Alisema hakuja kusikia maneno, amekuja kusikia mkoromo. Kama hakuna, Kavuo atajibu. Kama upo, mimi nijue pa kwenda, na watoto watabaki. Alilisema hilo la watoto bila ukali, akiangalia kofia yake, na ndiyo maana niliogopa.

Aliniagiza nifanye kama kila siku. Nikafanya kama kila siku. Zorobabel alitoka na betri yake, lakini safari hii alimpa mtu aipeleke, akajiunga nasi. Nikapangusa vumbi. Nikatandaza kitambaa, nikakinyoosha pembe zote nne, maana siku ya hukumu si siku ya kuacha chumba ovyo. Nikafunga mlango, nikamwekea Lusenge ufunguo mkononi. Sote wanne tukaenda kukaa kibandani kwa Kavuo, kati ya magunia, migongo yetu kwenye ukuta.

Robo saa, kimya. Kavuo alimpimia mteja unga. Zorobabel alianza kutabasamu.

Halafu ikaanza. Kwanza pumzi ndogo, kama mtu anayegeuka kitandani. Kisha ikashuka kifuani, ikawa nene, ikapanda na kushuka kwa starehe ya mtu aliyeshiba. Sikuwa nimewahi kuusikia. Niwe mkweli: mimi mwenyewe niliamini kuna mwanaume, na nilianza kumtafuta kichwani ni nani.

Kavuo alipangusa mizani yake tu.

Lusenge akainuka, akafungua mlango. Hapakuwa na kitanda wala mtu. Mkoromo ulitoka ndani ya kabati la Apollinaire, chini ya kitambaa chenye herufi A.M. Mzee alisimama mbele yake, akavua kofia.

"Apollinaire," alisema kwa upole, "tulizani ulienda."

Lusenge akatugeukia, uso mkavu kama ubao.

"Ni yeye. Tangu utoto alikoromaka hivi. Bon, mambo imekwisha. Mwenye nyumba ana haki ya kulala mu nyumba yake. Lakini Kavuo, wewe dada yake, mwezi muzima unatukana usingizi ya ndugu yako mbele ya batu ya soko. Ile tutaisafisha namna gani?"

Kavuo, ambaye haogopi askari, alirudi nyuma hadi akagusa mlango.

"Mais baba, haiko Apollinaire. Ile ni mashini tu."

"Sema tena, ule muteja wako anasimama pale nje asikie."

"Nimesema ni mashini."

"Voilà," alisema Lusenge, akavaa kofia yake.

Zorobabel hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kitambaa, jinsi unavyompima mtoto homa. Akakishika kwa pembe mbili, akakiinua. Joto lilipanda usoni mwake. Mkoromo ukalegea, ukawa pumzi, na kabla mtu hajamaliza Baba Yetu chumba kilikuwa kimya. Akanitazama mimi, akatazama zile herufi za bluu. Nilielewa wakati uleule alipoelewa yeye, na nilisubiri aseme, kwa sababu ilikuwa haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiziba pua mashine yake kila siku hadi ikazimika kwa joto, nikimfuma mwanaume kwa mikono yangu, kisha nikikunja kitambaa na kumfuta.

"Baba mukubwa, kosa ni yangu," alisema. "Matundu nilitoboa juu. Ilifaa kutoboa pembeni."

Akakikunja kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama siku ya kwanza.

Kavuo alileta jogoo na kilo tano za unga, akapika yeye mwenyewe, kwangu, mlango ukiwa wazi. Dumu la kasiksi likajulikana kuwa la furaha. Jioni hiyohiyo Zorobabel aliziba matundu ya juu kwa vibanzi vya libuyu, kazi ambayo huioni hadi uipapase, akatoboa mengine ubavuni, kisha akarudisha kitambaa mahali pake mwenyewe na kunyoosha pembe. Mashine ilipiga chapa kazi za wanafunzi miaka sita bila kukohoa. Wiki chache baadaye Kavuo aliniuliza kama yule mzee mnene amekufa, maana hasikiki tena. Nikamwambia amepata kazi.

Leo Zorobabel ana karakana yake Beni, ambako joto ni kali kuliko kwetu na kompyuta hupumua kwa shida. Wafanyabiashara humfuata hadi kutoka Mangina kwa ajili ya mashine zake zisizo na sauti. Zote zina matundu ubavuni, na juu ni laini kama meza. Jumaine, ambaye bado humletea vipande, alimwambia mbele yangu kwamba huko Dubai wanatoboa hata juu, na hewa inapita vizuri zaidi.

"Ku Dubai haiko mama ya nyumba," alijibu Zorobabel, akaendelea kukaza skrubu.

Hakumwambia ni mama gani. Kwa miaka yote hii hajamwambia mtu. Nimeona niliandike mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, kabla Kavuo hajaligundua.