Chumba Ambacho Bi Funguo Hakukifungua

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika hata nyumbani kwao. Watu walimwita Daftari, kwa sababu hakuonekana bila daftari lake la jalada gumu, na kwa sababu ukizungumza naye dakika mbili tu utakuta ameshaandika kitu ulichosema. Ajabu ni kwamba alikuwa akikutazama usoni muda wote, anaitikia, anacheka unapocheka, na huku chini mkono unaandika kama wa mtu mwingine.

Kazi iliyomlisha ilikuwa duka la fotokopi. Alisimama kwenye mashine kuanzia asubuhi, akitoa nakala za vyeti, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule. Kazi aliyoiita yake ilikuwa kutunga michezo. Si ya kompyuta, na ukilifanya kosa hilo mbele yake hununa mpaka kesho. Michezo yake ilichezwa mezani kwa midomo. Watu wanne wanakaa, kila mmoja anachukua mtu wa kubuni na karatasi yenye sifa za mtu huyo. Msimulizi anawaeleza mahali walipo, kisha anamgeukia mmoja na kumuuliza, "Unafanyaje?" Mchezaji anajibu, anarusha dadu kuona kama amefaulu, na hadithi inasonga.

Kwa miaka kumi na minne alitunga michezo kumi na mmoja. Mmoja ulikuwa na kanuni za kurasa mia mbili, na rafiki aliyejitolea kuzisoma alisinzia ukurasa wa tisa. Vijitabu alivichapa mwenyewe kazi ikiisha, kwa ruhusa ya mwenye duka, akavibana pini na kuvisambaza kwa wapenzi wa michezo hiyo, ambao wote wangeenea kwenye benchi moja. Mama yake alijitahidi kumwelewa.

"Sasa mwanangu, kwenye huo mchezo wako, anayeshinda ni nani?"

"Hakuna anayeshinda, mama."

"Ndiyo maana," mama akasema, akaendelea kukunja nguo.

Mchezo wa kumi na moja ndio uliokuwa na uhai. Uliitwa Mji wa Milango. Wachezaji ni watu wanaorudi kwenye mji waliouhama, wakakuta kila nyumba imefungwa, na kila mmoja kuna kitu alichokiacha ndani. Waliucheza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa dada yake, kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Spana, fundi magari, alicheza mwizi muoga. Mwalimu wa hesabu, jirani yao, alicheza daktari aliyedanganya kuhusu cheti chake. Dada alicheza kikongwe aliyebeba funguo za mji mzima kiunoni, akamwita Bi Funguo.

Dada huyo alimzidi Daftari miaka tisa, na ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, mwenye pini mdomoni mara nyingi kiasi kwamba ukimya wake ulionekana ni wa kikazi. Lakini ulikuwa na sababu nyingine. Zamani alijifungua mtoto wa kike, mtoto akaishi siku nne. Hakupata mwingine. Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Daftari, kijana wa miaka kumi na tisa wakati huo, ndiye aliyetumwa kukirudisha kitanda kidogo cha mtoto kwa seremala, akakibeba kichwani, na aliporudi hakuna aliyemuuliza chochote.

Sasa Jumamosi moja, mwaka wa pili wa mchezo, wachezaji walifika kwenye nyumba ya Bi Funguo mwenyewe. Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na chumba kilichofungwa. Daftari aliuliza kama kawaida, "Bi Funguo, unafanyaje?"

Dada akasema kwa sauti ya kikongwe, ile ya kukwaruza waliyoizoea kuicheka:

"Humu ndani kuna kitanda kidogo. Nilikitandika siku nne. Siku ya tano nikakitandika tena, kwa sababu mikono haikuwa imeambiwa."

Akaendelea dakika nne au tano. Alisema aliwaficha watu maziwa yaliyokuwa yanamtoka, akawa anayakamua bafuni huku maji ya bomba yamefunguliwa yapige kelele. Alisema alimchukia mama mmoja sokoni kwa kumkemea mtoto wake. Spana alipenga kamasi na kulisingizia vumbi la vitambaa. Mwalimu aliinamia dadu zake kana kwamba anazihesabu.

"Unaufungua mlango?" Daftari akauliza taratibu.

"Siufungui. Siku nyingine."

Waliishia hapo. Dada akakusanya vikombe, na usoni alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu. Daftari akatazama chini akakuta ameandika kurasa mbili, neno kwa neno.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetunga vitu miaka kumi na minne bila mtu kumwambia umefanya vema. Alipoanza kuugeuza Mji wa Milango kuwa riwaya aliapa kwamba zile kurasa mbili hazitaingia. Baadaye akaona aziweke kwa muda tu, ili ajue sura ile itakuwa na uzito gani. Mchapishaji, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la rangi, alimpigia simu akiwa amesoma mswada wote kwa siku mbili.

"Huyu bibi! Huyu bibi ndiye kitabu chenyewe. Ila huwezi kumwacha msomaji mlangoni. Lazima aufungue."

Akaufungua. Katika riwaya, Bi Funguo aliingia chumbani, akalala sakafuni kando ya kile kitanda, akafa. Ulikuwa mwisho mzuri, na Daftari aliuandika kwa asubuhi moja ya Jumapili. Alipanga kumwambia dada. Kila Jumamosi alikwenda akiwa amepiga moyo konde, na kila Jumamosi akaishia kufungua mchezo na kuwapeleka wachezaji mtaa mwingine, mbali na ile nyumba. Alijifariji kwamba dada si msomaji, na kwamba huenda hata atafurahi.

Kitabu kilipotoka, watu walikisoma. Maktaba ikamwalika kukisoma hadharani alasiri moja, na ukumbi ukajaa. Dada alikuja na mumewe, amevaa gauni jipya alilolishona makusudi kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amekinunua kitabu na kukifunga kwa gazeti kisichafuke, lakini alikuwa hajakisoma, kazi zilikuwa nyingi. Mumewe ndiye aliyekuwa amekisoma. Daftari alitaka kusoma sura ya kwanza. Watu wakapiga kelele, "Tusomee mikono! Tusomee mikono!" Akasoma, hakuinua macho. Alipomaliza, mama mmoja mwenye miwani akasimama.

"Mwandishi, nina swali. Hayo maneno ya mikono umeyatoa wapi?"

Dada alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele. Wakatazamana. Ilitosha kabisa kusema nilipewa. Ni neno moja, wala asingehitaji kusema na nani.

"Yalinijia tu," Daftari akasema.

Ukumbi ukapiga makofi. Dada naye alipiga makofi, mara tatu au nne, kisha akachukua mkoba wake akatoka.

Kesho yake Daftari alikwenda kwake. Cherehani ilikuwa inakwenda mbio, na haikusimama alipoingia.

"Dada."

"Nina kazi."

"Dada, nisikilize. Kile ni kitabu tu. Hakuna anayejua kuwa ni wewe."

Cherehani ikasimama. Dada akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Shemeji yako anajua. Wiki nzima alikuwa ananitazama tu, nikadhani anaumwa. Jana tulipofika nyumbani akaniuliza, ni kweli ulikuwa unakamua bafuni? Miaka ishirini na miwili tunaishi pamoja, sikuwahi kupata mdomo wa kumwambia. Amesoma kwako."

Daftari akazitazama zile pini.

"Ningemwambia," dada akasema. "Nilikuwa nimeanza kujifunza, pale mezani. Ningefika." Akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Meza ya Jumamosi ikafa. Miaka miwili Daftari hakuingia ile sebule. Riwaya ya pili ilirudishwa na barua fupi: imeandikwa vizuri, lakini hakuna ukurasa kama ule. Alijua fika kwamba hautakuwapo. Alijaribu mchezo wa kumi na mbili peke yake, viti vinne chumbani kwake, akawa anakaa kiti hiki anajibu, anahamia kile anarusha dadu. Jirani mmoja alimwona dirishani akajua mambo yameshaharibika. Hakuwa amekosea sana. Daftari alichoka hadi hamu ikamwisha. Alisimama kwenye mashine ya fotokopi akitazama mwanga ukipita chini ya kifuniko, na akawaza kwamba maishani mwake mwote hajawahi kufanya kazi nyingine isipokuwa hiyo. Hakutaka tena kitabu. Alitaka dada amruhusu kukaa mezani pake, basi.

Spana ndiye aliyekwenda kumwombea. Alikwenda mara tatu, na mara ya tatu akarudi amekenua.

"Amekubali. Jumamosi, palepale. Ila sharti moja, usije na daftari."

"Siji nalo."

"Mimi nitakukagua mlangoni, bwana wee. Daftari bila daftari, mbona tutakusahau sura!"

Akaliacha nyumbani, ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo. Njiani mikono yake haikujua iende wapi, akaitia mifukoni. Dada alimpokea kwa "karibu, mdogo wangu," na kwa hilo tu macho yakamlowa. Meza ilikuwa imeondolewa vitambaa. Dadu zilikuwapo. Karatasi za wachezaji dada alikuwa amezihifadhi zote kwenye mfuko wa vifungo, na hata yale madoa ya chai yalikuwa palepale. Daftari akapewa penseli fupi na kipande cha karatasi, cha kuhesabia alama za uhai za wachezaji kama kanuni zinavyotaka.

Wakaanza. Spana aliiba kuku wa watu, Mwalimu akamtibu mgonjwa aliyekuwa mzima, na kicheko kikarudi kidogo kidogo. Mnamo saa tisa na nusu, dada mwenyewe akasema, "Bi Funguo anarudi nyumbani kwake. Anasimama kwenye ule mlango."

Spana akaziweka dadu chini.

"Bado umefungwa," Daftari akasema. "Bi Funguo, unafanyaje?"

"Siufungui. Ila kuna jambo sikulisema siku ile." Sauti ilikuwa ya kikongwe, lakini macho yalikuwa ya dada, na yalikuwa yanamtazama yeye. "Kitanda hakimo tena humu. Kuna kijana alikibeba. Alikuwa mdogo wangu. Walimtuma yeye, na hakuna aliyefikiri kwamba na yeye alikuwa mjomba. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani. Nikamsikia akipita na kitanda kichwani, amevua viatu, anakanyaga polepole, ili nisisikie."

Miaka ishirini na minne Daftari alidhani hakuna aliyejua kwamba alivua viatu. Alikuwa anasamehewa, na zaidi ya kusamehewa, alikuwa anapewa nafasi yake ndani ya ule msiba ambao hakuna aliyewahi kumpa. Alimtazama dada bila kupepesa, akaitikia kwa kichwa aendelee.

Dada hakuendelea. Alikuwa anatazama chini, mkononi mwa Daftari.

Penseli ilikuwa inatembea. Chini ya alama za uhai, kwa mwandiko ule mdogo wa haraka, palikuwa na maneno mawili: *ili nisisikie*.

"Dada," akasema, "dada, sikujua kama..."

"Najua hukujua," dada akasema kwa sauti yake mwenyewe. Hakuonekana na hasira. Hilo ndilo lililowatisha. Akazisukuma dadu kwa Spana. "Napita."

Spana akacheza. Mwalimu akacheza. Zamu ikarudi.

"Bi Funguo, unafanyaje?"

"Napita."

Walicheza hadi saa kumi na moja, na dada hakusema neno jingine mchezoni. Aliwapa chai, akawasindikiza hadi barabarani, akamwambia Daftari karibu tena Jumamosi. Wala hakutania. Jumamosi zote zilizofuata aliondoa vitambaa mezani, akawakaribisha, na zamu yake ilipofika akasema napita.

Siku ile ya kwanza Daftari alirudi nyumbani jua lingali juu, analia njia nzima mbele za watu bila kujali. Alikaa kitandani, akakitoa kile kipande cha karatasi mfukoni, akatafuta kifutio. Akakiweka juu ya yale maneno mawili. Akayasoma mara moja ya mwisho, na akaona kwamba ni mazuri, kuliko chochote alichowahi kukitunga, na kwamba angejua mahali pa kuyaweka.

Akaenda kwenye droo akaifungua.