Alinitembeza Stockholm Nzima, Kwake Hakunifikisha

Kosa ni langu, na ninalileta hapa kwa sababu sina tena wa kumwambia. Yule niliyekuwa namwambia kila kitu ndiye niliyemkosea.

Nilikwenda Stockholm likizo kwa Mwanaidi, shoga yangu tangu shule ya bweni. Kutoka uwanja wa ndege akanipeleka hotelini.

"Kwetu mbali, shoga. Hapa utakuwa katikati ya mji."

Mimi nitoke Tanga, nilale hotelini na mtu wangu yupo! Nikalimeza hilo, lakini halikushuka.

Kila siku ikawa makumbusho ya sanaa, kisha mkahawa. Chai ya nyumbani kwake sikuionja. Kwenye makumbusho hatazami picha, anatazama simu. Siku moja alikaa kwenye benchi mbele ya mchoro wa ziwa, kugeuka nikakuta amelala. Nikajiuliza, usiku huyu anafanya nini? Mkahawani anaagiza samaki, anakula nusu, nusu nyingine anaichambua miiba yote na kuitia kwenye kopo.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu, ya kesho."

Nikimuuliza habari za mumewe, shemeji Idrisa, ananiambia hajambo, yuko kazini, anakusalimu. Lakini sauti yake sikuisikia hata kwa simu.

Nikaamini wameachana na kuna mwanamume mwingine ndani. Nikawaandikia wenzetu wa kundi la shule, wakachochea, nami nikanogewa.

Siku ya mwisho nikamdanganya Mwanaidi kwamba nimechoka, nabaki hotelini. Anwani yake ya Fisksätra, nje kidogo ya mji, ninayo, miaka yote namtumia dagaa. Nikapanda treni. Nilipofika mlangoni nikawapigia kundi zima simu ya video, ndipo nikabonyeza kengele. Mwanaidi akafungua, bakuli mkononi. Nikampita na simu yangu juu.

Shemeji alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa shingoni, mdomo umekwenda upande. Alikuwa mtanashati, huyu, msoma kaswida wa harusi zetu zote. Akaiona simu. Akanyanyua mkono mmoja, ule unaofanya kazi, akajifunika uso.

Kwenye simu mtu akasema, "Jamani, huyo si Idrisa?"

Mwanaidi akanishika bega, akanitoa nje taratibu. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga.

"Alipopata kiharusi aliniomba kitu kimoja tu, watu wa nyumbani wasimwone hivi," akasema. "Wiki hii nilipata mtu wa kukaa naye, nikaweza kutoka. Ulidhani nakutembeza wewe. Aliyekuwa likizo ni mimi."

Hapokei simu zangu. Dagaa niliowatuma juzi wamerudishwa, mfuko haujafunguliwa. Na wale wa kundi bado wanaulizia hali ya shemeji kama vile walialikwa.

Wewe unayesoma, rafiki akikukutania mkahawani, kula, mshukuru, urudi ulikofikia. Mlango ambao hajakufungulia usiubishe. Mimi niliubisha, na ninachokiona kila nikifumba macho ni ule mkono mmoja unanyanyuka kuficha uso, na anayefichwa uso huo ni mimi.