Unga Chini ya Boriti

Dada yangu alikosea kusoma majibu yake kwa sababu ya elimu aliyokuwa nayo. Sisemi hivyo kwa kejeli. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani kule Ipogolo, Iringa, alikoolewa, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwatia moyo watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi: CD4, ile hesabu ya chembe za kinga, ikipanda, hongera, ikishuka, turudi kliniki. Basi daktari wa Mbeya alipomkabidhi karatasi na kumwambia namba iko juu kuliko kawaida, alitoka nayo koridoni akitabasamu, akaninyooshea.

Mimi nafanya kazi katika maabara iliyo upande wa pili wa korido hiyo. Damu yake niliizungusha mwenyewe kwenye mashine, nikatenga maji ya njano ya damu hiyo, nikayahifadhi kwenye friza pamoja na ya watu wengine. Kipimo chenyewe kwetu ni kigeni. Kinatafuta protini za nyuzi za mishipa ya fahamu. Uzi ukiharibika, protini zake humwagika, na kiasi kidogo huingia kwenye damu. Zikizidi, ujue kuna nyuzi zinazovunjika. Kipimo hakisemi zaidi ya hapo, na mimi sina subira na watu wanaotaka karatasi iseme kisichopimwa.

Kilichomleta Mbeya hakikuwa maumivu. Ukweni kwake mke huwasalimia wakubwa kwa kupiga goti. Msimu wa mvua uliopita alipiga goti mbele ya mama mkwe, akashindwa kuinuka, akaanguka ubavu na kumwaga chai ya yule mama. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo wakati huo Iringa haikosekani. Ulimi wake nao ulikuwa umeanza kuwa mzito. Watu wakajumlisha mambo. Alipoanguka mara ya tatu, mama mkwe akasema hataki tena salamu ya mlevi, na mumewe akaacha kumtetea. Hata wagonjwa aliokuwa akiwatembelea wakaanza kumkwepa.

Nami nilikuwa katika kundi hilohilo. Akinipigia simu, nikisikia maneno yanaburuzika, nilikuwa nasema niko kazini, nakata. Mtu wa maabara mzima, tena ndugu wa damu, nilimpima kwa sikio. Jambo hilo linaniaibisha mpaka leo.

Pale koridoni nilimketisha kwenye benchi. Nilimwambia hii si kama CD4, hii ikipanda ni mbaya. Tabasamu likamtoka polepole. Nikamkumbusha nyumba ya marehemu baba, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, tulivyokuwa tukiamka na kukuta unga wa mbao sakafuni, tukajua huko juu boriti inaliwa na wadudu. Damu yake imeonyesha unga wa namna hiyo. Alilisugua goti.

"Kwa hiyo sio ulanzi?"

"Kipimo hakijui kinachovunja, dada. Kinajua tu kwamba kuna kinachovunjika."

"Na wewe ulidhani nakunywa?"

Nilitazama karatasi, ingawa nilikuwa naijua yote. "Nilidhani."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniomba tu niende naye Ipogolo nikawasomee ile karatasi, maana mtu wa maabara huaminiwa. Daktari alikuwa amemwambia vipimo vingine vinafuata na kwamba ugonjwa wenyewe bado haujajulikana. Dada hakuniuliza kama atapona. Alitaka kwanza jina lake lisafishwe.

Jumamosi tuliketi sebuleni kwa mama mkwe, sisi wawili, yule mama na shemeji yangu. Nilieleza nyuzi, nikaeleza protini, nikaeleza na unga wa boriti. Mama mkwe alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi wanaoletwa maabara kwetu. Kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi.

"Huo unga, pombe haiwezi kuuleta?"

Inaweza. Pombe ikinywewa sana kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya fahamu, na kama ningekana ningekuwa nadanganya. Dada alikuwa ananitazama. Ilikuwa rahisi kusema hapana, na hakuna mtu mle ndani ambaye angenikosoa.

"Inaweza, mama," nilisema. "Karatasi hii haiwezi kumtetea. Namtetea mimi. Dada yangu hanywi. Nilimdhania kama nyinyi mlivyomdhania, na nilikosa."

Sina kipimo cha maneno hayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema maneno ya namna hiyo nikiwa na majibu ya mtu mkononi. Shemeji aliinamisha kichwa. Dada, nadhani kwa mazoea tu, akaanza kushuka kwenye kiti ili amsalimie mama mkwe upya, na goti likaanza kutetemeka. Yule mama aliinuka, akamshika bega, akamrudisha kitini. Kisha akajishikiza kwenye meza, akachuchumaa taratibu mbele ya mkwewe mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kihehe.

Dada akaanza kuitikia. Neno lilimburuzika mdomoni, na safari hii wote tulisubiri mpaka alipolimaliza.