Kashindwa udiwani mara saba, mabango yake yaenda maktaba

Asubuhi hii fundi makochi hajagusa kochi hata moja. Amekaa sakafuni katika chumba cha nyuma, anafuta vumbi kwenye mabango yake ya kampeni, moja baada ya jingine, bila haraka.

Mlangoni amesimama mkewe na ufagio mkononi.

"Mzee wangu, binti yako anakuja Jumamosi na kichanga. Atalala wapi, juu ya kura zako?"

Mtaa mzima unamwita Mgombea. Amewania udiwani mara saba, na mara zote saba ameangukia pua. Safari ya kwanza alipata kura arobaini na moja. Ya mwisho, mia mbili na kumi na mbili.

"Ninapanda," anasema. "Mwendo wa kobe, lakini ninapanda."

Kampeni ya tatu ilimlia cherehani. Aliiuza, na kwa miaka miwili akashona viti vya watu kwa mkono, vidole vikiota sugu.

Mabango alichapisha mara moja tu. Kila matokeo yakitoka, wagombea wenzake wakiwa bado wamejifungia ndani na machungu yao, yeye hubeba ndoo ya maji na kisu chake cha kukatia sponji, akapita nyumba hadi nyumba akibandua.

"Ukuta wa mtu umeuazima," anaeleza. "Cha kuazima hurudishwa."

Akishabandua, humuuliza mwenye nyumba anasumbuliwa na nini, na jibu huliandika nyuma ya bango. Mtaro umeziba. Taa ya njiani imekufa. Kijana wangu amemaliza shule, yupo tu. Uchaguzi ukirudi, bango lile lile hurudi kwenye ukuta ule ule, mwaka wa zamani umezibwa kwa kikaratasi chenye mwaka mpya.

Ubahili huo umemponza. Picha ni ya ujanani, nywele tele, na mwenyewe sasa ana upara. Safari iliyopita mama mmoja alimsikiliza vizuri, akamwitikia kwa adabu: "Sawa baba, kura yangu nitampa huyo mwanao."

Mabango hayo, karatasi za matokeo na nakala za barua za pongezi alizowaandikia waliomshinda ndivyo vilivyojaza chumba hadi kuziba dirisha. Mkutubi wa maktaba ya mji aliviona alipoleta viti vya maktaba kushonwa, akaomba apewe. Sharti ni moja: vikishapokelewa, havitoki tena.

Hapo ndipo fundi alipokwama kwa wiki tatu.

"Karatasi za mtu zikiwekwa maktaba, huyo mtu amekwisha," anasema. "Sijaona vya mtu anayeendelea vikifungiwa kabatini."

Lakini mjukuu hana kosa. Saa nne mkutubi anafika na masanduku, na fundi mwenyewe ndiye anayepanga. Hapepesi jicho, ila kila bango analigeuza kwanza, anasoma nyuma, ndipo analiachia.

Chumba kinaanza kuonyesha sakafu. Mkewe anafagia akiwafuata. Miaka yote hii amekuwa akimwambia aache siasa ashone viti, na leo anaelekea kupata alichotaka.

Sanduku la mwisho likifungwa, mkutubi anatoa kalamu aandike lebo.

"Mwaka wa kuanza ninao, mzee. Wa kumaliza niandike upi?"

Fundi anaangalia viganja vyake. Mkutubi anasubiri, kalamu hewani.

"Mwanangu, hapo usiandike kitu," anasema mkewe.

Wote wawili wanamgeukia. Ameegemea ufagio, na uso wake hauna mzaha.

"Fomu zikitoka atachukua, namjua. Na picha mpya atapiga, nitampeleka mimi mwenyewe, na upara wake huo huo. Kijana wa kwenye picha wamemkataa mara saba. Sasa wamkatae na mzee, tujue moja."