Sketi ya Marinda na Bati Lililovuja

Kanisani wananiambia nisitaje wabaya wangu, nimwachie Mungu. Mungu anawajua, sawa, lakini ninyi mnaosoma hamwajui. Aliyewaleta vijana wa kuvunja duka langu hapa ugenini mwaka 2015, wenyeji walipokuwa wakiwawinda wageni, ni muuza vocha wa ng'ambo ya barabara, mtu niliyekuwa nikimpa chai asubuhi za baridi. Aliwaonyesha kwa kidole: yule pale, Mkongomani. Cherehani ikaenda, nguo za wateja zikaenda, na mimi wakaniachia kovu linaloanzia sikioni na kushuka mpaka mkononi. Mwenye nyumba wa mtaa wa Berea naye, nilipotoka hospitali, chumba changu alikuwa ameshampa mtu mwingine. Basi, hao nimewataja. Sasa niseme habari za mtu aliyenitendea mema, maana kwake ndiko moyo wangu uliko.

Ni mwanamke wa kabila la Wahmong, mzaliwa wa milima ya Laos, mwenye duka dogo mtaa wa Kensington. Watu wake wanatarizi nguo kwa mkono, mishono midogo kama mbegu za mchicha, na yeye kazi yake ilikuwa kuziuza, kuzifua na kuzirekebisha. Nilipoenda kuomba kazi nilimwambia ukweli, kwamba nikisikia cherehani ikilia mwili wangu unatetemeka.

"Hapa hakuna cherehani," akasema. "Sindano tu. Kaa."

Tuliongea Kiingereza kibovu chake na kibovu changu, pamoja na Kiswahili alichookota kwa wasusi wa Bukavu waliokuwa mlango wa pili. Kwao alijifunza neno yaya, yaani dada mkubwa, akaanza kuniita hivyo.

"Yaya ni wewe," nikambishia. "Angalia mvi zako."

"Mvi zangu za mawazo. Zako za umri."

Siku za kwanza nusura nimuue kwa presha. Sisi Wakongomani nguo isiyopigwa pasi hatuihesabu kama nguo. Nilishika sketi ya marinda, pasi iko moto mkononi, akapiga kelele mpaka wasusi wakaja kuchungulia. Sketi hiyo haipigwi pasi kabisa. Ina marinda membamba yasiyohesabika, yamekunjwa kwa vidole, na pasi ikipita mara moja tu imeyalaza yote. Ukimaliza kuivaa unapanga rinda juu ya rinda, unapiga bandi kwa uzi mrefu ili yakae pamoja, unaviringisha kama mkeka, unafunga kamba, unaitia ndani ya foronya. Kuitundika hapana, uzito wake wenyewe utaivuta. Kitambaa kinafumwa kwa nyuzi za mmea wa ukoo mmoja na bangi. Aliponiambia hilo tulicheka mpaka mteja akageuka akarudi zake.

Uvaaji nao alinifundisha, na hapo tulipigana kweli. Mimi nilipenda koti la darizi juu ya sketi ya darizi, na kilemba cha kitenge juu yake.

"Yaya, unataka watu waangalie wapi? Macho yatachoka. Kimoja kiseme, vingine vinyamaze."

Katika duka lile kulikuwa na sketi moja isiyouzwa. Mama wa mwenye duka, huyu rafiki yangu, ndiye aliyeishona: kitambaa cha buluu ya nili kilichochorwa kwa nta, na chini mkanda mpana wa vipande vyekundu na vyeupe vilivyotariziwa. Mama huyo alikuwa ameshafariki. Binti wa rafiki yangu, msichana aliyezaliwa hapa hapa, wa kuongea Kiingereza na Kizulu, miaka yote alikataa kuivaa. Alisema shuleni watamcheka. Halafu mwaka 2018, karibu na sherehe yao ya mwaka mpya, akasema mwenyewe bila kuombwa: "Ma, mwaka huu nitavaa sketi ya Gogo." Gogo kwa Kizulu ni bibi. Mama mtu alienda nyuma ya pazia. Nilimsikia akipenga kamasi.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, ikanyesha mvua ya mawe. Bati la duka lilikuwa limeoza, na mwenye jengo tulimwambia tangu majira ya baridi. Kila mara: "Sharp, mama, sawa, natuma fundi." Fundi gani? Huyo naye namtaja, mwenye jengo yule mwenye gari jipya na bati la zamani. Maji yalishuka moja kwa moja kwenye rafu. Tulipofika, foronya yenye sketi ile ilikuwa inadondosha maji mekundu.

Rafiki yangu alikaa chini sakafuni. "Imekufa."

"Haijafa. Simama."

"Nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Imekufa, yaya."

"Nani aliniambia inakufa pale tu rangi iliyochuja inapokaukia ndani? Si wewe? Eish, simama bwana, lete beseni!"

Akasimama. Tulikata kamba, tukaishusha ndani ya maji baridi, yeye upande huu, mimi upande ule, kwa sababu kitambaa kile kikilowa ni kizito kama mtoto aliyelala. Hakuna kusugua wala kukamua. Tulimwaga maji mekundu, tukatia mengine, na siki kidogo, tukamwaga tena, mpaka yakatoka meupe. Tukailaza juu ya taulo. Lakini bandi zilikuwa zimekatika na marinda ya chini yamefunguka yote.

Kuyapanga upya ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakunja na kubana, mwingine anapitisha uzi. Mikunjo ya zamani ilikuwa bado inaonekana, michirizi myembamba kama ya kiganja, tukaifuata. Binti akaja na viazi vya kukaanga, akaona, akakaa na kuanza kututungia sindano. Tuliiviringisha ikiwa na unyevu, tukaifunga, tukaisimamisha mbele ya feni. Hita tuliiogopa.

Asubuhi tulivuta nyuzi za bandi. Marinda yakafunguka na kujifunga kama mashavu ya samaki anayepumua. Rafiki yangu alinishika mkono wa kovu, upande ambao watu huwa hawaugusi, hakuuachia. Kwenye kipande kimoja cheupe ilibaki rangi ya waridi hafifu. Alitaka kuificha kwa aproni, binti akakataa. Alitaka koti la darizi. Binti akavaa fulana nyeusi na takkies nyeupe, yaani raba za michezo.

"Takkies! Bibi yako angesema nini?"

"Gogo alipanda milima peku, Ma. Angeziomba."

Nilicheka peke yangu, kisha nikasema: "Kimoja kiseme, vingine vinyamaze." Mama mtu akanikodolea macho, lakini mshipi akaufunga.

Walinivuta garini pamoja nao, na mimi tangu 2015 nilikuwa sikanyagi penye watu wengi. Uwanjani penye sherehe kikongwe mmoja wa kwao alimkamata yule msichana, akainua ukingo wa sketi, akaweka kidole pale penye waridi na kuuliza jambo kwa Kihmong. Msichana akajibu polepole, akitafuta maneno. Rafiki yangu akanitafsiria sikioni: "Anauliza nani aliiosha. Amemwambia, mama yangu na yaya yake."

Kikongwe akamgeuza binti mzima mzima, kisha mara ya pili, ili aone marinda yanavyoruka.