Profesa wa Kiti cha Kinyozi

Mtaani kila mtu alimwita Profesa, na jina lake la kwenye vyeti lilibaki kujulikana na mkewe tu. Alikuwa kinyozi. Ila wengi hawakufuata kunyolewa peke yake. Ukiitwa usaili wa serikali, unapita kwanza kwa Profesa. Anakuchonga kidevu huku anakuuliza maswali, na ukijibu ovyo anazima mashine, unakaa na nusu ndevu mpaka ujirekebishe. Watu walitoka pale wameiva. Mpima ardhi, karani wa mahakama, nesi wa zahanati, wote walipitia mikononi mwake wakapata kazi.

"Na wewe Profesa, mbona huendi?" walimuuliza.

"Waliniita nikakataa," alijibu, akipuliza nywele kwenye mashine. "Mimi na kuamrishwa wapi na wapi?"

Uongo mtupu. Aliitwa mara kadhaa na kila mara walimwangusha. Maswali aliyowafundisha wenzake ndiyo yaliyomshinda yeye. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishamaliza. Mkewe alijua yote, na mwanamke yule alikuwa na kifua, hakuwahi kuyatoa nje.

Safari hii aliitwa tena, ukarani wa masjala, kule wanakotunza majalada. Ilikuwa nafasi ya mwisho, maana mwakani umri ungempita. Akafunga kibanda kwa kisingizio cha mgongo, na nyumbani mkewe akageuka jopo zima la wasaili, kisu mkononi, beseni la vitunguu mbele yake.

"Udhaifu wako ni nini?"

"Nafanya kazi kupita kiasi, hadi nasahau kupumzika."

"Wewe? Si unalala kwenye kiti cha wateja!" Alicheka hadi akafuta machozi, ya kicheko au ya vitunguu, ajuaye ni yeye. "Udhaifu wako ni kukoroma na kuogopa watu watasema nini. Haya, jibu tena."

Walirudia mpaka majibu yakatulia. Siku ya usaili ilipofika mkewe alimpigia pasi shati, akamweka tai sawa, akarudi nyuma kumtazama.

"Baba watoto, nenda ukaongee kama unavyoongea kibandani. Nimechoka kuwapongeza wake za wenzako."

Maneno hayo yalimchoma. Alipita vichochoroni, vyeti amevifungia ndani ya gazeti asije akaulizwa anakwenda wapi.

Kwenye korido kulikuwa na benchi refu, na watu wamekaa midomo inawacheza kwa majibu ya kukariri. Hajakaa sawasawa, akasikia: "Profesa!"

Alikuwa mlinzi wa duka la dawa. Profesa alimnoa mwenyewe kwa nafasi hiyohiyo, kimoyomoyo akiomba wapangiwe siku tofauti.

"Umefunga kazi uje kunisindikiza? Na tai umevaa!" Mlinzi akawageukia wengine. "Jamani, huyu ndiye anayetutengeneza. Serikali ilimbembeleza, akaikataa!"

Benchi zima likamtazama. Hapo ndipo angesema. Neno moja lingetosha, wangemcheka kidogo na yangeisha. Lakini akalificha gazeti la vyeti nyuma ya mgongo.

"Nimekuja tu kukupa moyo," akasema.

Mlinzi akamkabidhi mfuko wake amshikie.

Mlango ukafunguliwa, katibu akaita jina. Lilikuwa jina la kwenye vyeti. Profesa akautazama mfuko. Katibu akaita tena kwa sauti zaidi. Magoti yalitaka kunyanyuka, nakuapia, lakini mlinzi alikuwa amemkalia ubavuni akitabasamu. Jina likaitwa mara ya tatu.

"Huyo kaingia mitini," mlinzi akanong'ona. "Mmoja kapungua, Profesa. Dua zako hizo."

Baadaye mlinzi naye akaitwa. Alipoingia, katibu alimsogelea kinyozi na kuinama kidogo, kwa upole.

"Samahani, mzee. Si wewe niliyekuwa namwita? Wengine wote nimeshawaona. Kama ni wewe, bado naweza kukuingiza."

"Hapana, mama. Namsubiri mdogo wangu."

Alijibu haraka, kwa kuwa mlango ungeweza kufunguka wakati wowote, na alijichukia kabla hajamaliza kusema. Katibu akamtazama kidogo, kisha akarudi zake ofisini.

Njia nzima mlinzi hakunyamaza. Alieleza kila swali na kila jibu, na jinsi wakubwa walivyofurahi. Profesa aliitikia tu.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Enhe! Wamekuulizaje?"

Akamsimulia. Walivyotaka kujua jalada likipotea atafanya nini, walivyotikisa vichwa kwa kukubali, hata yule wa katikati alivyocheka na kuvua miwani. Alisimulia vizuri, bila kuruka kitu, kama alivyosimuliwa na mlinzi njiani.

Mkewe akapiga makofi, akamkumbatia.

"Mume wangu, umejibu kama mtu! Sasa wakikuacha baada ya hayo, wana lao jambo. Naapa nitakwenda mwenyewe pale ofisini nikawaulize."

Kinyozi akasimama vilevile, mikono inaning'inia. Aibu ya kwenye benchi ilikuwa ndogo, hii ilimfunika gubigubi.