Jiliwa la Mzee Saba

Walimwita Mzee Saba, wala si kwa wingi wa watoto, maana alikuwa nao watatu tu na mmoja hapigi simu. Jina lilitokana na fimbo ya gofu ya chuma, namba saba. Mteja akiingia dukani kununua fimbo za gofu, awe karani, awe mwalimu, awe dereva wa lori, mzee alimpa namba saba kwanza aishike. Ukiielewa hii, alikuwa akisema, nyingine zote ni wadogo zake.

Kwa miaka thelathini na miwili alikaa kona ileile, nyuma ya rafu ya mipira, kwenye meza ya mbao yenye jiliwa, kile chuma cha kubania fimbo isicheze wakati wa kuikata au kuivalisha mpira mpya wa kushikia. Shule aliiachia darasa la nne, lakini fimbo alizisoma. Ukimletea iliyotumika, alitazama palipolika akakwambia mwenyewe ana haraka, au ana woga, au anapiga akiwa ametazama pembeni kuona nani anamwona.

Kwa hiyo alijua ambacho wenye maduka hawapendi kukisikia. Watu wa kawaida huingia wakiulizia ile fimbo yenye kichwa kikubwa kama mkate, ya kurushia mpira mbali mbele ya wenzao. Wengi hutoka na nusu seti iliyotumika: namba saba, majirani zake wawili watatu, na ile fupi ya kusukumia mpira shimoni. Wachache wanaokinunua hicho kichwa kikubwa hukirudisha kingali kinang'aa. Namba saba ikirudi, uso wake umelika kama kizingiti cha zahanati.

Na zamani, alipenda kukumbusha, mteja alipewa fimbo akakae nayo nyumbani wiki nzima, halafu akairudisha. Siku hizi ukimwachia mtu fimbo, umemwachia.

Duka lilikuwa la kaka yake. Kaka alipofariki likawa la binti wa huyo kaka, ambaye hakuwa na ubaya wowote ila kupenda vitu vyenye waya. Mwezi uliopita aliagiza mashine: kioo kikubwa kama cha televisheni, wavu, na kijicho cha kamera cha kukaa sakafuni. Mteja anapiga mpira kwenye wavu, kioo kinamwambia fimbo inayomfaa. Nafasi ya kukiweka alikuwa ameshaichagua, nayo ilikuwa kona ya mzee. Alimweleza taratibu, huku akimmiminia chai, kwamba amefanya kazi ya kutosha, sasa akapumzike.

Mzee alikujua kupumzika. Jirani yake alipumzika, akakaa dirishani akitazama magari, hata mwaka hakuumaliza.

Akatoa mfukoni kamba yake yenye mafundo, aliyowapimia wateja kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni.

"Kioo chako kikisema sawasawa na kamba hii, nitang'oa jiliwa kwa mkono wangu nilibebe nyumbani," alisema. "Kikikosea, kirudi kilikotoka."

"Umesema mwenyewe, baba mdogo."

"Na mimi sisemi mara mbili."

Jumamosi kioo kikawashwa, kikiwa bado kimesimama njiani, watu wanakipita kwa ubavu. Wa kwanza kuingia alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuwa akicheza kwa fimbo za kuazima na sasa anataka zake. Akaulizia kichwa kikubwa, kama wote. Mzee akampima, akaandika kwenye karatasi, akaikunja na kumpa aishike. Ndipo mama akapiga mipira kumi kwenye wavu. Kioo kikazungusha duara, kikafikiri, kikaandika: nusu seti, aanzie namba saba, zipunguzwe nusu inchi.

Mshonaji akafungua karatasi. Akaitazama, akakitazama kioo.

"Ninyi wawili mmetazamiana," alisema.

Kingekosea, mzee angecheka na yangekwisha. Kilichomchoma ni kwamba kilikuwa sahihi. Yeye miaka thelathini na miwili. Kile kina siku tano tangu kifike, na hakijawahi hata kushika fimbo. Akachukua spana, akaanza kufungua bolti za jiliwa. Binti akasema ilikuwa mzaha tu, basi aache. Mzee akaendelea. Bolti ya nne ilikuwa na kutu, nayo ilimtoa jasho kama inayomwomba asiondoke. Akalitia jiliwa kwenye gunia, akalibeba kifuani hadi mlangoni, na pale mlangoni akamkuta mshonaji amesimama na namba saba mkononi.

"Mzee wangu, kioo kimesema nusu inchi. Nani anaikata?"

Binti akakitazama kioo. Kioo kilikuwa kimeanza kujitangaza chenyewe, kwa muziki.

"Maana mimi," mshonaji akaendelea, "nguo ikiwa ndefu simwambii mteja ni ndefu nikanyamaza. Nachukua mkasi."

Binti akauzima ule muziki.

"Baba mdogo," alisema, "kioo nitakiweka pale penye vichwa vikubwa. Vile si vinarudi tu?"

Mzee hakusogea. Kiapo ni kiapo, na gunia lilikuwa zito. Akakipitia kiapo chake neno kwa neno, kama mtu anayekagua fimbo ya kununua.

"Nilisema nitalibeba nyumbani," alisema mwishowe. "Siku sikuitaja."

Akarudi, akalifunga jiliwa, hata ile bolti ya kutu. Akaibana namba saba, akaikata. Kipande cha nusu inchi kikaanguka, kikabingirika chini ya meza. Mzee akainama akakitafuta, akaenda kukiweka juu ya kioo, ili nacho kijue nusu inchi inafananaje.